Wazee wa Reli wa Muthurwa Waizuru Unguja

Wasomaji wengi waujuao mji wa Nairobi huijua Muthurwa kwa soko lake lililofunguliwa mwaka wa 2008, na kwa msongamano wa matatu na mikokoteni uliopo pale tangu alfajiri hata usiku. Lakini Muthurwa ni ya zamani kuliko soko hilo. Ni mtaa uliojengwa na wenye Reli kwa ajili ya watumishi wao, karibu na stesheni na karakana, ili king'ora kikilia kila mtu aweze kufika kazini kwa miguu yake. Katika safu zile za vyumba walikaa madereva, magadi, watia moto, mafundi na makarani wa makabila mengi, toka Nyanza hata Pwani, na wengine toka Uganda na Tanganyika. Mimi nilizaliwa humo, na marehemu baba yangu alikuwa fundi wa karakana.

Wazee wale wengi wamekwisha hama. Baadhi wamerudi mashambani, na baadhi wanakaa na watoto wao Kayole na Dandora. Hata hivyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hukutana Muthurwa, wakanywa chai, wakaulizana habari za pensheni na za wagonjwa, kisha kila mmoja akatoa mchango wake. Fedha hizo kwa desturi ni za mazishi. Miaka miwili iliyopita mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini fedha zao zote zimewekwa kwa ajili ya siku ambayo hawataiona. Ndipo ilipokatwa shauri kwamba ufunguliwe mfuko wa pili, shilingi 700 kila mwezi kwa kila mtu, wa safari ya kujifunza.

Palikuwa na ubishi juu ya mahali pa kwenda. Wengi walitaka Mombasa. Mama mmoja, mjane wa dereva, alikataa kabisa. Alisema Mombasa amekwenda miaka thelathini kwa pasi ya bure ya Reli, na sasa anataka kwenda mahali ambapo reli haijapata kufika. Akataja Unguja. Mzee aliyekuwa gadi, ambaye wote humwita Gadi hata leo, alimjibu kwamba Unguja nako reli ilifika. Watu walicheka sana. Gadi akaapa kwamba atawaonyesha. Nadhani ni kicheko kile kilichotupeleka Unguja kuliko hoja nyingine yoyote.

Waliojiandikisha walikuwa watu 19, wanaume 12 na wanawake 7, na mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 81. Mimi, kwa kuwa ni karani serikalini na nimezoea kujaza fomu, niliombwa kuwa mwandishi na mshika fedha wa msafara, nikapata ruhusa ya siku tisa kazini. Napenda kuwaambia wasomaji wanaofikiria safari kama hii kwamba kazi kubwa si njiani, ni kabla ya kuondoka. Wengi hawakuwa na pasipoti. Wengine vitambulisho vyao vilikuwa na majina yaliyoandikwa tofauti na ya vyeti vya kuzaliwa. Kila mmoja alihitaji kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo haifai kutolewa ovyo kwa wazee. Yapasa daktari aulizwe kwanza. Ilichukua miezi minne kukamilisha mambo hayo.

Tuliondoka Syokimau saa mbili asubuhi kwa garimoshi la reli mpya, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Ilikuwa jambo la kuchekesha kusafiri na watu hawa, kwani hawakutazama wanyama wala milima kama abiria wengine. Walitazama njia. Walikosoa ishara, walisikiliza magurudumu, na walipoona reli ya zamani ikitokea upande na kupotea tena vichakani, walinyamaza. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435, ilhali ile ya zamani ni meta moja kamili, na mzee mmoja alinieleza tofauti hiyo mara tatu kana kwamba nilikuwa nimemkatalia. Tulifika Miritini alasiri, tukalala Mombasa, na asubuhi tukavuka Likoni kwa feri, tukashika barabara ya Lunga Lunga na Horohoro kwa basi tulilokodi.

Njia ya Tanga hata Dar es Salaam ni ndefu, na Gadi aliifupisha kwa mazungumzo. Alitukumbusha kwamba enzi za Reli ya Afrika ya Mashariki mtu aliweza kutoka Nairobi akafika Dar es Salaam bila kushuka katika njia ya chuma. Alipita Voi, akaingia Kahe karibu na Moshi, akateremka Korogwe, kisha akafuata kiungo kilichofunguliwa mwaka wa 1963 kilichoiunganisha njia ya Tanga na ile ya Kati pale Ruvu. Mwaka wa 1977 jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, mabehewa yakagawanywa. Wazee watatu kati yetu walikuwa kazini siku hizo, na mmoja alikuwa amepangwa Moshi. Alirudi Muthurwa na sanduku moja. Hakutaka kueleza zaidi, nasi hatukumwuliza.

Dar es Salaam tulilala usiku mmoja tu. Wazee walitaka sana kuliona garimoshi la umeme liendalo Morogoro na Dodoma, lililoanza kuchukua abiria mwaka wa 2024, na tulisimama nje ya stesheni yake tukalitazama likiondoka. Halina moshi, halina mngurumo. Mtia moto wetu wa zamani alitikisa kichwa akasema kwamba kazi yake yote ya ujana haina hata kivuli chake humo.

Boti ya kwenda Unguja huchukua saa mbili hivi. Wazee sita walitapika, na mimi nilikuwa wa saba. Bandarini, watoto wa shule waliokuwa wakipita walitusalimu, "Shikamoo, babu! Shikamoo, bibi!" Mzee wetu wa miaka 81 aliwajibu kwa furaha, "Mzuri sana!" Watoto walicheka kwa adabu wakaendelea na njia yao. Jioni ile ilibidi tufanye somo fupi la "marahaba", na siku ya pili wazee walilitamka kwa sauti kubwa hata pale ambapo hawakusalimiwa.

Katika jambo hili la lugha nataka kukaa kidogo. Sisi wa Nairobi hujifunza Kiswahili sanifu shuleni, tukipata alama nzuri au mbaya, kisha tukitoka nje ya darasa tunakiacha mlangoni. Wachache hukumbuka kwamba kilichoitwa sanifu kilitokana na Kiunguja, ambacho kilichaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa lugha ya vitabu katika nchi zetu, na miaka miwili baadaye ikaundwa kamati ya kukisimamia. Watu wa Mombasa na wa Lamu, wenye mashairi ya karne nyingi, hawakupendezwa na uamuzi huo, na sioni ajabu. Lakini kule Unguja nilimsikia mchuuzi wa machungwa akipanga maneno yake kama kitabu cha sarufi, bila kujua wala kujali. Niliona wivu. Mjane wa dereva alisema kwamba Kiswahili cha Muthurwa nacho kina kazi yake: kilituwezesha Waluo, Wakikuyu, Wakamba na Waganda kuishi katika safu moja na kuteka maji kwa bomba moja. Hapana aliyembishia.

Siku ya kwanza tulizunguka Mji Mkongwe. Jumba la Beit al-Ajaib, alilojenga Sultani Barghash mwaka wa 1883, hatukuweza kuliingia, kwani sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Tulilitazama kwa mbali. Karibu yake ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Hapo ndipo Gadi alipoanza kupata haki yake. Kijana aliyetuongoza alieleza kwamba ngome ile, mwanzoni mwa karne ya 20, iliwahi kutumiwa na watu wa reli. Gadi alimwomba arudie maneno hayo, kwa sauti, na kila mtu akae kimya.

Basi habari yenyewe ni hii. Barghash alikuwa na kijireli chake kutoka mjini hata jumba lake la Chukwani, kilichovutwa kwanza na nyumbu na baadaye na injini ndogo iliyotoka Uingereza. Hayo yalikuwa kabla ya mwaka wa 1888 alipokufa Sultani huyo, yaani miaka kadhaa kabla ya reli yetu kuanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Baadaye, mwaka wa 1905, ikaanza kazi reli ya pili iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, kutoka mjini kwenda Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Ilipita katikati ya mitaa myembamba, karibu sana na milango ya nyumba. Upana wake ulikuwa futi tatu, na wazee wangu walipiga hesabu papo hapo wakaona kwamba ulipungukiwa na reli ya Muthurwa kwa inchi tatu na kitu. Motokaa zilipoongezeka abiria walipungua, na ikafungwa mwaka wa 1928.

Sikutarajia kuona wazee wakiumia moyo kwa habari kama hiyo. Maisha yao yote waliamini kwamba reli yao ndiyo baba wa reli zote za upande huu, na sasa waliambiwa kwamba Sultani alikuwa na yake iliyotangulia. Mmoja alisema ya nyumbu haihesabiwi. Walibishana hata wakati wa chakula. Nami nikaona ya kwamba mabishano hayo yaliwafaa kuliko dawa walizobeba.

Siku iliyofuata tulikwenda Bububu. Kusema kweli hakuna mengi ya kuona, maana njia ya zamani imemezwa na barabara na nyumba. Tulikuta wazee wameketi barazani wakatukaribisha kahawa. Mmoja alisema baba yake alipanda gari lile alipokuwa mtoto, na kwamba mahali penyewe palipewa jina kwa mlio wake, bu-bu-bu. Habari hiyo husimuliwa na watu wengi, nayo ni tamu, lakini haiwezi kuwa kweli. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka wa 1886, na reli haikufika hapo ila miaka kumi na tisa baadaye. Wapo wasemao kwamba jina latokana na mlio wa maji ya chemchemi, na hiyo naiona karibu zaidi na akili. Gadi hakujali. Alipiga hatua kando ya barabara, kimya, akihesabu, kama akaguaye mataruma. Tulimngoja robo saa nzima.

Kutoka Bububu tulipanda hata Kidichi, yalipo mabafu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi katikati ya karne ya 19, kisha Kizimbani penye mashamba ya viungo. Wakulima wasomao ukurasa huu watapenda kujua habari za mkarafuu. Huupandi leo ukavuna kesho. Hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kutoa chochote cha maana, lakini ukitunzwa huweza kuishi muda mrefu kuliko aliyeupanda. Kinachovunwa si tunda wala jani, ni chipukizi la ua kabla halijafunguka. Likifunguka limeharibika kwa biashara. Kwa hiyo mchumaji hupanda juu kabisa, akavuta matawi, na kila mwaka wako wanaoanguka. Vichala vikishushwa, karafuu hutenganishwa na makonyo kwa mkono, zikaanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa hata ziwe na rangi ya hudhurungi iliyokoza. Mvua ikinyesha wakati huo, mbio zake ni kama zetu sisi tunapoanika kahawa.

Mzee mmoja mwenye kahawa Murang'a alichunguza sana jambo hili, akauliza mnunuzi ni nani. Alipoambiwa kwamba karafuu hununuliwa na shirika la serikali peke yake, alicheka akasema habari hiyo anaifahamu. Tuliambiwa pia kwamba sasa karafuu nyingi hutoka Pemba. Dhoruba ya mwaka wa 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ikaiacha ya Pemba. Msitu wa Jozani na kima wake wekundu, ambao asili yao ni Zanzibar peke yake, tuliuona kwa haraka kwa sababu magoti ya wengi yalikuwa yamechoka.

Siku ya mwisho tulikwenda Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka wa 1873 Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, manowari zao zikiwa tayari kuizingira bandari yake. Sikukuu ya Krismasi mwaka ule ule ikawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kiingereza lililopo sasa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Steere, yule yule ambaye kazi yake ya kuandika Kiswahili iliwafaa wamisionari wengi, na amezikwa nyuma ya madhabahu. Ndani upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, pale ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Jirani kuna vyumba viwili vya chini, vyenye dari fupi, ambavyo wageni huambiwa watumwa walifungiwa humo. Wapo wanahistoria wanaoshuku, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Kwa maoni yangu mgeni na aelezwe hayo yote mawili. Yaliyotendeka mahali pale hayahitaji kuongezewa chumvi.

Mzee aliyekuwa mkuu wa stesheni, mtu mpole asiyesema sana, hakuingia vyumbani. Alisimama nje penye sanamu zilizowekwa shimoni mwaka wa 1998, watu watano waliofungwa kwa mnyororo shingoni. Alimwuliza kijana:

"Mwanangu, soko hili umesema lilifungwa mwaka gani?"

"Mwaka 1873, babu."

"Na Freretown ya Mombasa ilianzishwa 1875. Basi yeye hakuuzwa hapa."

Kijana aliuliza nani. Mzee akaeleza kwamba mama yake babu yake alitolewa katika jahazi na manowari ya Kiingereza, akiwa mtoto mdogo, akapelekwa Freretown walikowekwa watumwa waliookolewa. Ukoo wao ulisema tu kwamba alitoka upande wa ziwa la Nyasa.

"Huenda hakuuzwa hapa, babu," alisema kijana kwa heshima, "lakini soko lilipofungwa biashara iliendelea kwa siri, usiku, kwa majahazi."

"Ndiyo," alisema mzee. "Hao wa usiku ndio wetu."

Sisi sote tulikuwa tumejua kwamba yeye ni mtu wa Mombasa. Hapana zaidi. Gadi, ambaye alikaa naye chumba kwa chumba Muthurwa miaka kumi na minane, alitazama chini. Baadaye mzee mwenyewe alieleza kwamba alipokuwa shuleni Mombasa watoto wa jina kama lake walitukanwa, na alipopata kazi ya Reli na kuhamia Nairobi aliona ni heri kuwa "mtu wa Pwani" tu, kwa kuwa Muthurwa kila mtu alikuwa na kwao, naye hakuwa na pa kutaja. Watu walipokwenda likizo mashambani, yeye alikwenda kufanya kazi ya zamu. Sisi tulimsifu kwa bidii.

Hakuna aliyetoa hotuba. Mjane wa dereva alimshika mkono, wakaketi kwenye ngazi mpaka tulipoitwa kwenda kula.

Tulirudi kwa njia tuliyokuja. Mombasa tulikuwa na nusu siku kabla ya garimoshi, na wengine walitaka kununua nazi na mabuyu. Mkuu wa stesheni aliomba basi lipitie daraja la Nyali hata Kengeleni. Pale bado upo mnara mdogo wa kengele ya Freretown, ambayo ililizwa zamani kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Magari hupita huku na huku, na wengi wanaoshuka hapo hawajui jina limetoka wapi. Wazee wote 19 walishuka, hata wenye magoti mabaya. Alituonyesha upande yalipokuwa makao yao ya zamani, na kanisa walikobatizwa watu wake.

Ndani ya basi aliniomba daftari ya msafara. Katika ukurasa uliofuata ule wa nauli za boti aliandika, kwa mwandiko wake mzuri wa stesheni, jina la mama yule na majina ya uzao wake wote, hata wajukuu wake walioko Embakasi. Jina aliloliandika ni la ubatizo. Lile alilopewa na mama yake halijulikani, akaacha nafasi mbele yake. Nimeitoa nakala ya ukurasa huo, nami nimempa ile daftari yenyewe. Mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, atawapeleka wajukuu Kengeleni, na Gadi amekwisha sema kwamba atakwenda nao.